Mrudishie mama maharage yake: protini za sahani na protini za ubongo

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 67. Mwaka juzi mkono wa kulia ulianza kumtetemeka, sasa anatembea kwa hatua fupifupi na sauti imepungua. Daktari alisema ni Parkinson, akaeleza kuwa kuna protini zinazojikunja vibaya na kurundikana kwenye ubongo. Tangu siku hiyo nimemwachisha maharage, dagaa na mayai. Shangazi naye ametenga kikombe na sahani ya mama, eti uchafu huo usije ukahamia kwetu. Na kuna mtu anatuuzia unga wa 'kusafisha ubongo'. Naomba unieleze hizo protini zinatoka wapi, kwa nini mwili hauziondoi wenyewe, na sisi tufanye nini." (Binti wa Muheza)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na lisilosubiri: mrudishie mama maharage yake leo hii. Dagaa pia, na mayai. Daktari wenu hakukosea hata neno moja. Lililowapoteza ni hilo jina protini, kwa sababu tangu shule ya msingi tumelizoea kama jina la chakula.

Maharage hayafiki kwenye ubongo yakiwa maharage. Tumbo na utumbo huikatakata protini yake mpaka vibaki vipande vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo havina alama yoyote ya vilikotoka. Kila seli huviokota na kujijengea protini zake yenyewe kwa maelekezo ya jeni zake. Mtu akibomoa banda la kuku akatumia mbao zilezile kuunda kitanda, kitanda kikiyumba huwezi kuwalaumu kuku. Isitoshe, wagonjwa wengi wa Parkinson hupungua uzito, na mzee akinyimwa protini hupoteza misuli. Mama mwenye hatua fupifupi na misuli iliyokwisha ni mama anayeanguka.

Hata hivyo kuna mahali maharage na Parkinson hukutana kweli, nako ni kwenye kidonge. Nadhani mama amepewa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Levodopa nayo ni asidi amino. Ili ivuke ukuta wa utumbo, na baadaye kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, hupanda usafiri uleule unaopandwa na asidi amino za chakula. Mama akimeza kidonge pamoja na sahani ya maharage, ni kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni: mlango mmoja, abiria mia, na levodopa ndiye yule bibi mwenye kikapu anayeachwa. Kwa hiyo kidonge hutangulia chakula kwa nusu saa hivi, au husubiri saa moja au zaidi baada ya kula. Kikimletea kichefuchefu, ale kipande cha mkate mkavu au ndizi mbivu. Wagonjwa ambao dawa yao huwaka na kuzimika mchana kutwa wakati mwingine hushauriwa kuhamishia sehemu kubwa ya protini kwenye mlo wa usiku. Wanaihamisha tu, hawaiachi.

Sasa tuje kwenye protini zenyewe. Zinatoka wapi? Ni zake mwenyewe. Zimo kwangu na kwako pia, sasa hivi unaposoma.

Protini inapotengenezwa hutoka kama uzi, asidi amino moja baada ya nyingine. Uzi huo haufanyi kazi yoyote mpaka ujikunje na kupata umbo lake. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha kwamba baadhi ya protini zikinyooshwa kabisa kwenye chupa ya maabara kisha zikaachwa, hurudi kwenye umbo lake bila msaada, akapewa Nobel mwaka 1972. Lakini ndani ya chupa ile kulikuwa na nafasi. Ndani ya seli ni soko la Jumamosi. Protini zimebanana, nyingine bado zinazaliwa, na kila uzi una sehemu zinazochukia maji ambazo zilipaswa kufichwa ndani ya mkunjo. Zikibaki wazi hukimbiliana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, na zikishikana hazitaki kuachana.

Ndipo seli ikaweka walezi. Wazungu waliziita protini hizi kwa jina la yule mama mtu mzima aliyekuwa akiandamana na binti ili asiharibikiwe. Sisi tuna neno letu, na kwa maoni yangu linawafaa zaidi: makungwi. Kungwi humpokea mwari, humfunda, humkinga na watu wabaya, kisha humwachia aende kwake, wala hahamii katika nyumba ya maharusi. Hivi ndivyo wafanyavyo makungwi wa seli. Aliye maarufu zaidi, Hsp70, hushika zile sehemu zinazochukia maji, huzifunika, huachia, hushika tena, mpaka uzi ujikunje inavyotakiwa. Kila mshiko hugharimu nishati, na seli iliyochoka kwa nishati huwa na makungwi wavivu.

Makungwi hawa waligunduliwa kwa ajali, na hadithi yake huwa siachi kuisimulia darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza nzi wadogo wa matunda huko Italia. Siku moja mtu mwingine maabarani akaongeza joto la kabati la kulelea nzi hao. Ritossa alipoangalia kromosomu za tezi zao za mate kwenye hadubini aliona zimevimba mahali ambapo hazikuwa zimevimba kabla. Jeni fulani zilikuwa zimeamka ghafla kwa sababu ya joto. Alichapisha habari hizo mwaka 1962, na kwa muda hakuna aliyezijali sana. Baadaye ikajulikana kwamba jeni zile zilikuwa zikiita makungwi: joto hufumua protini, na seli ikihisi hatari huongeza walezi. Herufi Hs katika Hsp zinatokana na maneno ya Kiingereza heat shock, yaani mshtuko ule wa joto. Hata mama akipata homa ya malaria, seli zake hufanya vivyo hivyo.

Je, kungwi akishindwa? Seli ina njia mbili za kutupa.

Ya kwanza utaielewa haraka kama umewahi kuona nyumba zilizo kwenye hifadhi ya barabara zikichorwa X nyekundu. Protini iliyoharibika hubandikwa alama, nayo ni protini nyingine ndogo yenye asidi amino 76 iitwayo yubikwitini. X moja haitoshi. Kwa kawaida unatakiwa mnyororo wa angalau nne ndipo tingatinga lije. Tingatinga lenyewe ni proteasomu, pipa la pete nne lenye visu ndani. Kabla ya kubomoa, alama hubanduliwa na kurudishwa stoo zikatumike tena. Uchumi wa seli hauna israfu. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kufumbua jambo hili.

Sasa nikuonyeshe udhaifu wake, maana ndipo ugonjwa unapoingilia. Mdomo wa pipa lile ni mwembamba mno, unapitisha uzi mmoja ulionyooshwa. Protini ikiwa bado peke yake huingia. Zikishashikana mia moja zikawa fundo, hata ukilichora X kila upande haliingii. Umewahi kujaribu kutunga uzi wenye fundo kwenye tundu la sindano? Ndiyo hali yenyewe. Fundo linaweza hata kuukalia mdomo wa pipa na kuzuia wengine waliokuwa wakisubiri zamu.

Kwa mafundo kuna njia ya pili. Seli hutanda utando kama kiroba, hukizungushia kile kinachotakiwa kutupwa, hukifunga, kisha hukipeleka kwenye lisosomu, kifuko chenye asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha karibu kila kitu. Huku kujila kwa seli huitwa otofajia. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliifuatilia kwa kushindisha hamira njaa, hamira ya jamii ileile tunayotia kwenye unga wa maandazi, akapata Nobel mwaka 2016. Wewe mwenyewe huenda umewahi kumeza kitu kinachoizuia: klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa ikituwasha ngozi mpaka tukaruka, kabla Tanzania haijaiondoa kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Klorokwini hupunguza ukali wa asidi ndani ya lisosomu, na mpaka leo maabara huitumia wanapotaka kusimamisha otofajia waone kitatokea nini. (Usikimbilie kusema ndiyo iliyomletea mama ugonjwa, sisemi hivyo, na dozi ya siku tatu si sawa na seli kuogeshwa klorokwini kwenye sahani.)

Mwaka 2006 vikundi viwili vya Japani viliwazima panya otofajia ndani ya seli za neva peke yake. Hawakuwapandikizia jeni yoyote ya ugonjwa wa binadamu. Panya wale walianza kuyumba, na seli zao zikajaa mafundo ya protini. Kwangu mimi jaribio hilo linajibu swali lako la pili kuliko maelezo marefu. Unauliza kwa nini mwili hauondoi uchafu. Mwili huuondoa kila siku, tangu mama hajazaliwa. Ubongo wako na wangu haujajaa mafundo kwa sababu kuna watu kazini. Ugonjwa huanza mzigo unapowazidi wapagazi.

Ushahidi mzuri zaidi wa hilo ninaoujua unahusu Parkinson yenyewe. Nimewahi kuona slaidi ya ubongo wa mgonjwa. Ukikata ubongo wa mtu mzima mwenye afya, katikati ya shina lake utaona kwa macho tu mstari mweusi, kama mtu amepitisha makaa. Hapo ndipo penye seli za dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson mstari huo umepauka. Ukiusogeza chini ya hadubini, seli zilizobaki zina chembechembe za kahawia, na ndani ya baadhi yake kuna kitu cha duara, cha rangi ya waridi, chenye ukingo mweupe kama mwezi uliozungukwa na wingu. Friedrich Lewy, daktari wa Kijerumani, alivieleza vitu hivyo mwaka 1912. Ilichukua miaka 85 kujua vimetengenezwa na nini.

Mwaka 1997 familia moja yenye asili ya kijiji cha Contursi, kusini mwa Italia, ilionekana kuwa na kosa la herufi moja kwenye jeni ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Mwaka huohuo ikagunduliwa kwamba viduara vya Lewy, hata kwa wagonjwa wasio na kosa hilo, vimejaa alfa-sinukleini. Kufikia hapo ungesema basi, kosa la jeni ndilo tatizo. Lakini mwaka 2003 ikaja familia ya Iowa, Marekani. Alfa-sinukleini yao haikuwa na kosa hata moja. Ilikuwa nzima, kama yako. Ila badala ya nakala mbili za jeni walikuwa na nne. Wingi peke yake uliwatosha kuugua, tena mapema, wakiwa bado watu wa makamo. Baadaye zikapatikana familia zenye nakala tatu, na wao kwa kawaida huugua wakiwa wamechelewa kidogo. Watu wenye hali ya Down nao hubeba nakala tatu za kromosomu ya 21, iliyo na jeni ya protini ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengi wao hupata mabadiliko ya Alzheimer kwenye ubongo mapema mno. Mizigo ileile iliyo halali, ila imezidi idadi ya wapagazi.

Na idadi ya wapagazi nayo hupungua. Kadiri umri unavyokwenda, seli huitikia wito wa makungwi kwa uvivu, na lisosomu hupungua nguvu. Seli ya ngozi haijali sana, kwani ikichafuka hugawanyika na uchafu hugawanywa kwa mbili, au hufa ikabanduka ukiwa unajisugua kwa dodoki. Seli ya neva uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Tena ni ndefu. Zile za kuamrisha misuli huanzia kiunoni na kuishia kwenye kidole cha mguu, na taka ya mwishoni kabisa lazima isafirishwe njia yote hiyo. Seli za ule mstari mweusi zina balaa la ziada: kila moja ina matawi yenye mamia ya maelfu ya miunganiko, hujipigia mdundo wa umeme saa zote bila kupumzika, na dopamini yenyewe ikivuja ovyo ni sumu kwao. Ndizo za kwanza kuzidiwa.

Mitokondria zao, yaani mitambo ya nishati, huchakaa haraka kwa sababu hiyo. Zipo protini mbili zinazokagua mitokondria, PINK1 na parkini. Mitokondria nzima humvuta PINK1 ndani na kumwangamiza. Iliyoharibika haina nguvu ya kumvuta, kwa hiyo anabaki mlangoni, anajikusanya, anamwita parkini, naye anaichora X mwili mzima ili kiroba kije kuichukua. Jeni ya parkini ilitambuliwa mwaka 1998 katika familia za Kijapani ambazo watu wake walianza kutetemeka wakiwa vijana. Wakaguzi wakikosekana, ugonjwa hausubiri hata miaka 67.

Magonjwa ndugu nayapitia haraka. Katika Alzheimer mafundo ni ya aina mbili, amiloidi nje ya seli na tau ndani yake. Katika Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, ni protini iliyorefushwa na herufi tatu za jeni zinazojirudia kupita kiasi. Katika ule ugonjwa wa neva za misuli uitwao ALS, mara nyingi ni TDP-43. Majina ni tofauti, na kila moja huchagua mtaa wake wa ubongo, ila foleni kwenye mdomo wa pipa ni ileile.

Sasa nimjibu shangazi, na naomba umsomee sehemu hii yeye mwenyewe, kwa heshima. Hofu yake haikutoka hewani. Huko Papua New Guinea, watu wa kabila la Fore walikuwa na ugonjwa uitwao kuru, uliowaua hasa wanawake na watoto. Ulienea kwa sababu walikuwa wakiwala maiti wao katika taratibu za msiba, ubongo ukiwemo. Stanley Prusiner, aliyepata Nobel mwaka 1997, alionyesha kuwa kinachoambukiza magonjwa ya aina hiyo ni protini iliyojikunja vibaya ambayo huigusa nzima na kuifanya ifanane nayo. Na alfa-sinukleini ina tabia inayokaribia hiyo, ila ndani ya ubongo uleule. Tunajua hivyo kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa Parkinson waliwahi kupandikizwa seli changa za neva, na walipofariki miaka 11 hadi 16 baadaye, taarifa za mwaka 2008 zilionyesha viduara vya Lewy vimeota ndani ya seli zile changa. Uovu ulikuwa umehamia kutoka kwa majirani.

Lakini shangazi asikilize hapa: kutoka seli hadi seli si kutoka mtu hadi mtu. Hakuna ushahidi kwamba Parkinson imewahi kuhama kwa kikombe, mate, jasho, kulala kitanda kimoja au kumwogesha mgonjwa. Wake na waume wanaouguzana miaka ishirini hawaambukizani. Hata kwa protini ya Alzheimer, watu wachache walioonekana kuipata toka kwa wengine ni hasa wale waliodungwa utotoni homoni iliyokamuliwa kwenye tezi za ubongo wa maiti, tiba iliyoachwa tangu miaka ya 1980. Kikombe cha mama kirudi kabatini pamoja na vingine. Kumtengea chombo mtu ambaye tayari anaona aibu mkono unapogonga kisosi ni kumuumiza mara mbili.

Kabla sijaingia kwenye dawa, nikushirikishe jambo linaloniudhi katika fani yangu. Kwa miaka mingi tulitangaza kwamba fundo ndilo muuaji, basi likiondolewa mgonjwa atapona. Mwaka 2004 Steven Finkbeiner na wenzake walizifuatilia seli za neva zenye protini ya Huntington, moja moja, siku hadi siku. Seli zilizokuwa zimekusanya protini mbovu kwenye fundo moja kubwa ziliishi muda mrefu kuliko zile ambazo protini ilikuwa imetapakaa. Yaani fundo lile ni jalala. Mtaa wenye jalala moja kubwa unanuka, ndiyo, lakini ni mtaa ambao bado kuna mtu anazoa. Wa kuogopwa ni ule ambao taka zimetapakaa kila mlango. Wataalamu wengi sasa wanavishuku zaidi vikundi vidogo vidogo vya protini, vile ambavyo havijafika jalalani.

Labda ndiyo sababu dawa za kuzoa zimetukwaza. Kwa Alzheimer, lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi kwelikweli, na katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Haikurudisha kilichopotea, na wagonjwa hulazimika kupigwa picha za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwa Parkinson, kingamwili mbili zilizolenga alfa-sinukleini, cinpanemab na prasinezumab, hazikufikia lengo kuu katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022. Mimi naweka matumaini yangu zaidi kwenye kuwasaidia wapagazi kuliko kufukuzana na mizigo.

Na hapo kuna habari inayotuhusu Waafrika. Mwaka 2023 utafiti uliokusanya watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wa Nigeria, uligundua badiliko kwenye jeni ya GBA1 ambalo karibu halionekani kabisa kwa Wazungu. Jeni hiyo hutengeneza kimojawapo cha vimeng'enya vya lisosomu, kile kifuko cha kuyeyushia. Mwenye nakala moja ya badiliko ana uwezekano wa kupata Parkinson unaokaribia mara moja na nusu ya mwingine, na mwenye nakala mbili karibu mara tatu na nusu. Sisemi mama yako analo. Nasema tu kwamba kwa watu wetu, mlango wa ugonjwa huenda mara nyingi ukawa ni wa msafishaji kupungukiwa nguvu.

Kimeng'enya hicho kikikosea kujikunja hukamatwa na kuangamizwa kabla hakijafika lisosomu. Ipo dawa inayokishikilia kama kungwi na kukivusha, nayo unaijua: ambroksoli, ya kulainisha makohozi. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha inafika kwenye maji ya ubongo, na sasa Uingereza wanaijaribu kwa kundi kubwa. Najua unachowaza, mwanangu. Usiende duka la dawa. Dozi ya jaribio lile ni miligramu 420 mara tatu kwa siku, sawa na vidonge 42 vya miligramu 30 kila siku, chini ya uangalizi wa madaktari, na bado haijathibitika kuwa inasaidia.

Kuhusu huo unga wa "kusafisha ubongo": hakuna unga wowote uliothibitika kuondoa alfa-sinukleini kwenye ubongo wa binadamu. Lakini sitaki uutupe kabla hujamuuliza muuzaji una nini, kwa sababu nyingine. Mbegu za upupu, ndiyo, upupu uleule wa kuwasha, zina levodopa ya kweli, na huuzwa zikiwa zimesagwa. Mgonjwa akizinywa anaweza kulegea na kutembea vizuri kwa saa chache, familia ikashangilia, kumbe amejiongezea dozi juu ya dozi asiyoijua. Ukiona baada ya kunywa mama anaanza kujinyonganyonga mwili bila kutaka, au anaona watu wasiokuwepo, simamisha unga (si kidonge cha hospitali) na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo na pakiti mkononi.

Utasikia pia mitandaoni kwamba kufunga huamsha otofajia, kwa hiyo mgonjwa afunge. Njaa huiamsha kweli kwa hamira, na kwenye ini la panya. Kwa ubongo wa binadamu mwenye Parkinson bado haijaonyeshwa kuwa tiba, na kuruka dozi za mchana kunaweza kumgandisha mama katikati ya chumba. Ramadhani ikifika mzungumze na daktari mapema, na dini imempa mgonjwa ruhusa yake. Mazoezi ndiyo ninayoweza kuyatetea bila kusitasita: kutembea kwa kuhesabu hatua, kuinuka kwenye kiti bila kushika, kuimba kwa sauti. Mwendo na mizani huboreka, ingawa siwezi kukuahidi yatagusa mafundo.

Usisahau kwamba kwa kupata jina la ugonjwa tu mama ametangulia wengi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2008, walipata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Walikuwa wameketi barazani, watu wakisema ni uzee, au wamerogwa.

Basi nunua daftari la kurasa 48. Kwa wiki mbili andika saa aliyomeza kidonge, saa aliyokula na alikula nini, saa mkono ulipotulia, na saa ulipoanza tena. Siku ya kliniki mpe daktari daftari hilo kabla hujaeleza chochote.